Jina Nililoliandika kwenye Sanda

Betafo, 9 Machi 1997

Dada Bakoly,

Poleni na joto la huko Toamasina. Sisi huku ni wazima, mvua zinapungua na mpunga wa bondeni umeanza kuinama. Noro anakusalimu sana, anauliza kama yale majani aliyompelekea shemeji Ralambo yamemsaidia kifua. Kijana wetu mkubwa amepata kazi ya ualimu Antsirabe. Kila Jumamosi anamletea mama yake nguo chafu za wiki nzima, mwalimu mzima.

Barua yako ya Januari niliipata. Usinihesabie siku, nilikuwa na kazi ya chumba cha Mama.

Tangu tumzike mwaka jana mlango ule ulikuwa umefungwa. Sasa Noro amesema ama vitu vitoke au yeye atoke. Dada, ungeona. Makopo ya maziwa kumi na manne yamejaa vifungo. Kalenda za kanisa tangu mwaka 1962, hajatupa hata moja. Funguo za makufuli ambayo hayapo. Miwani mitatu ya Baba, yote ina mguu mmoja mmoja. Gazeti lililofungia gazeti lingine. Barua zako zote zimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Noro alisimama mlangoni akasema mama mkwe wake alikuwa anasubiri nchi nzima ikatikiwe vifungo siku moja.

Mimi nakaa humo nikijifanya natupa. Nachukua kitu, nakishika, nakumbuka, nakirudisha. Noro akipita anauliza nimefika wapi, namwambia nusu. Wiki nne sasa nipo nusu. Nimenunua daftari, naandika kila kitu kilikuwa cha nani na kimetoka wapi, wajukuu waje wajue. Nimeanza nikiwa na miaka hamsini na moja. Nimekuwa karani wa kata tangu ujana, nimeandika vyeti vya kuzaliwa na vya kufa vya watu wote wa hapa, lakini cha kwetu sijawahi kuandika kitu.

Kuhusu ombi lenu la kumtoa Vola kwenye kaburi letu mwezi wa nane na kumpeleka Ambatondrazaka kwenye kaburi la ukoo wa shemeji, nimesikia. Si jambo dogo. Miaka kumi na sita mtoto amelala na bibi zake. Tutazungumza.

Mdogo wako,
Ratsimba


Toamasina, 2 Aprili 1997

Mdogo wangu Ratsimba,

Salamu zako zimefika na sisi tunarudisha. Mvua hapa imeng'oa mabati ya jirani, yetu yamepona. Majani ya Noro shemeji yako anayanywa. Anasema ni machungu kama aliyeyachuma, mwambie wifi yangu acheke. Yeye mwenyewe siku hizi hacheki mpaka mwisho, kikohozi kinamkatisha. Daktari ameniita pembeni. Nawe unajua wanakuita pembeni kukwambia nini.

Barua yako ina kurasa nne za vifungo na mistari minne ya mwanangu. Nilikuuliza mambo mawili tu. Vola amelazwa kitanda kipi cha jiwe? Na jina lake bado linasomeka kwenye sanda? Wewe ndiye unayetunza ufunguo wa kaburi, si mimi.

Ralambo hana mtoto mwingine. Anataka Vola awe ameshawekwa kwa baba zake kabla yeye hajaingia, amkute. Hilo tu ndilo analotaka duniani sasa, hata uji hautaki. Kila asubuhi ananiuliza, ndugu yako amejibu? Namwambia posta mbovu.

Na hilo la kwamba hujawahi kuandika cha kwetu, umesahau? Mwaka 1990 tulipowatoa wafu wetu kuwavisha sanda mpya, ni nani aliyeandika majina yao wote ishirini na wawili? Baba mdogo alisema mbele ya watu kwamba mwandiko ule ungefaa ikulu. Siku ile nilikaa kwenye mkeka na Vola mapajani saa nzima, nikasema naye. Saa ile ndiyo inayonisimamisha mpaka leo. Kwa hiyo usiniambie tutazungumza. Nijibu.

Dada yako,
Bakoly


Betafo, 2 Mei 1997

Dada Bakoly,

Shikamoo, na pole nyingi kwa shemeji. Baridi imeingia, asubuhi kuna umande mweupe kwenye majaruba. Noro ana jino linamsumbua ila hataki kwenda kung'oa, anasema litachoka lenyewe. Tumevuna magunia ya kututosha.

Barua yako ilichelewa, ndiyo maana na yangu imechelewa.

Nimekwenda kuangalia kaburi. Jiwe la mlango lina ufa, nahofia kulisukuma mwaka huu. Halafu nimemuuliza Mzee Rainizafy, mnajimu wetu, akasema mwaka huu upande wa mashariki haufunguliki vizuri, bora tungoje 1999. Halafu na lenyewe hilo la kumbeba mtoto peke yake njia ndefu vile, kumtenga na wenzake. Fikirini tena, Dada. Ralambo ni mtu mwelewa.

Chumba cha Mama bado. Chini ya kalenda nimekuta sanduku, ndani kuna magauni mawili. Utayakumbuka, yale ya maua ya njano. Mama aliyashona kwa kitambaa kimoja, la Vola wako na la Fara wangu, ile Krismasi mliyokuja, wote wakiwa na miaka minne. Waliyavaa siku mbili. Kabla ya Januari kwisha surua ilikuwa imewachukua wote wawili, wako Jumanne na wangu Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Nimeyatandaza kitandani nikayapima kwa shubiri. Ni sawasawa. Sikuweza kujua lipi la nani.

Noro akaingia, akachukua moja, akalinusa. Akasema hili la Fara. Nikamuuliza amejuaje, gauni limekaa sandukuni miaka yote hiyo. Akasema, "Najua tu." Akatoka nalo.

Sikuandika kitu kwenye daftari siku ile.

Ratsimba


Toamasina, 8 Juni 1997

Ratsimba,

Hatujambo. Ralambo hawezi tena kukaa, nimemwekea mito mitatu mgongoni.

Sasa nisikilize. Mjukuu wa Mzee Rainizafy anafanya kazi hapa bandarini. Alikwenda likizo kwenu, nikampa ujumbe kwa babu yake. Jibu nimelipata juzi. Mzee anasema hakuna mtu aliyekwenda kumuuliza chochote, na wewe mara ya mwisho kukuona ni kwenye harusi ya mwaka juzi. Mwaka huu ni mzuri, upande wa mashariki ni mzuri, na siku ametoa: Alhamisi tarehe 21 Agosti. Hata kaburi kijana amelipita. Anasema lile jiwe ni zima kama lilivyochongwa.

Barua yako umeiandika tarehe 2 Mei. Muhuri wa posta unasema 13. Umetembea nayo mfukoni siku kumi na moja.

Nimekulea, Ratsimba. Nilikubeba mgongoni nikienda kuteka maji. Ulipovunja taa ya mchungaji ulikuja na habari za kuku, kuku, kuku, mpaka nikajua. Safari hii ni vifungo. Mmemfanya nini mwanangu? Kaburi limeingiwa na maji? Wezi wa mifupa wamepita? Niambie nijue, kuliko hivi. Usiponijibu nitamwandikia Noro.

Na usinitajie kifungo hata kimoja.

Bakoly


Betafo, 22 Juni 1997

Dada yangu,

Salamu nitaziweka mwisho. Nikizitanguliza nitajificha humo.

Vola yupo kaburini, hakuna maji wala wezi. Amelala kitanda cha mashariki, cha pili kutoka chini. Pembeni yake amelala Fara. Wewe unataka kumchukua Vola, na mimi siwezi kukuambia ni yupi.

Usimwandikie Noro. Nisome kwanza.

Siku ile ya 1990 kazi yangu ilikuwa kuwafuata kina mama waliokuwa wakifunga sanda mpya, niandike jina juu kwa wino mnene. Wakubwa hawakunisumbua. Babu alikuwa mrefu, Bibi unamjua kwa kile kitana chake. Watoto wetu walitoka mwisho. Sanda zao za zamani zilikuwa zimeoza, lakini Mama alikuwa amewashonea majina kwenye utepe, kwa uzi mwekundu. Nikazikata tepe zote mbili kwa wembe ili wapate kuvishwa. Nikazitia mfuko wa shati. Wakati ule nilijua, wako alikuwa mkono wa kulia na wangu wa kushoto. Nilitaka kuandika palepale.

Baba mdogo akaniita nikanywe na wageni wa Antsirabe. Ningesema nakuja. Nikaenda. Nilitaka kukuandikia kwamba kilikuwa kikombe kimoja, lakini vilikuwa vitatu.

Niliporudi kina mama walikuwa wamewahamisha watoto kupisha wakubwa, na wameshawafunga wote wawili. Hariri nyeupe ileile, urefu uleule, kamba tatu tatu. Ngoma na tarumbeta zilikuwa zimebadilika, ule wimbo wa kuwazungusha kabla ya kuwarudisha. Nikauliza, kama natania, huyu nani na huyu nani. Shangazi Bodo akanijibu, "Wewe karani ndiye mwenye majina." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikachuchumaa, nikaandika VOLATIANA kwa mmoja na FARA kwa mwenzake. Herufi zilitoka nzuri kweli. Nilikuwa naandika huku najua kwamba sijui.

Kisha ukaja wewe. Ukakaa kwenye mkeka, ukanyoosha mikono, ukaniuliza, "Wangu yupi?"

Nikakuonyesha kwa kidole.

Ningeweza kusema. Mama alikuwa hai, amesimama hatua kumi kutoka pale, huenda angewajua. Tungesimamisha ngoma, watu wangeguna, basi. Nilinyamaza kwa sababu muda mfupi kabla yake nilikuwa nimesifiwa mwandiko. Kwa miaka saba nimetafuta sababu kubwa kuliko hiyo, Dada, sijaipata.

Labda nilipatia. Labda yule uliyempakata alikuwa wako kweli. Nilijipa moyo kwa hiyo labda, na ningekufa nayo kama Ralambo asingemtaka mtoto wake. Sasa mkija mkamchukua mwenye jina la Vola, pengine mtaondoka na Fara wangu, akalale kwa watu asiowajua, na shemeji atawekwa ubavuni kwa mtoto wa shemeji yake huku wake amebaki kwetu. Noro hajui kitu. Miaka yote hii kila tukipita njia ya kaburini anasema, "Fara, mama yako anapita."

Zile tepe mbili nilidhani zilipotea. Mwezi wa tatu nimezikuta kwenye kopo la vifungo, zimekunjwa pamoja. Mama alizitoa mfukoni kabla ya kufua shati, akaziweka, hakuniuliza. Ndiyo sababu nilikuandikia habari za vifungo. Kila nilipotaka kuandika hili, mkono uliishia kwenye vifungo.

Tarehe 21 nitafungua mlango kama Mzee alivyosema. Lakini kidole sinyooshi tena.

Msalimie shemeji. Kama unaona vema, mwambie. Kama huoni vema, usimwambie, lawama ni yangu.

Mdogo wako,
Ratsimba


Toamasina, 30 Julai 1997

Ratsimba,

Ralambo amefariki tarehe 11 Julai saa tatu asubuhi. Tumemzika Ambatondrazaka, ndugu zake wamenitendea vizuri. Mliposikia mlituma ubani na Noro ameandika, nashukuru.

Barua yako ilikuwa imefika tarehe pili. Niliisomea jikoni, nimesimama. Ralambo akaniita kutoka chumbani, akauliza, amejibu? Nikamwambia amejibu, tutamleta Vola Agosti. Akasema basi vizuri. Baada ya hapo hakuuliza tena kitu chochote, alilala tu. Umenifanya nimuage mume wangu kwa uongo. Hilo sitakulainishia.

Sasa nakuagiza. Mwambie Noro. Si mimi, wewe. Mwambie mchana, akiwa amekaa, na usiwe umeonja kitu. Akikubali, watoto wote wawili watavishwa sanda moja, kama wanavyofanyiwa mume na mke, nao watakwenda pamoja kwa Ralambo. Asipokubali, watabaki wote wawili kwenu, na mimi nitakwenda kumweleza Ralambo kule alikolala. Uamuzi ni wa Noro. Wewe ulishaamua mara moja.

Kuna lingine, ni langu mimi. Siliandiki.

Bakoly


Betafo, 9 Agosti 1997

Dada,

Pole tena. Hapa tumeweka picha ya shemeji mezani, ile ambayo amevaa kofia ya bandarini.

Nimemwambia. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, yuko uani anachagua mchele. Nilianza na habari za jino lake, akaniambia, "Ratsimba, tangu Machi unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Lala." Basi nikasema yote, mpaka vikombe vitatu.

Aliendelea kuchagua mchele. Nilidhani hakusikia. Akatoa mawe, akapepeta, akatoa mawe. Kisha akauliza wewe siku ile ulimwambia nini mtoto uliyempakata. Nikasema sijui, ulikuwa umeinama. Akasema yeye aliyekuwa naye alimwimbia tu, zile nyimbo za kunawa mikono. "Kama alikuwa mtoto wa wifi, basi ameimbiwa, si hasara. Mimi hesabu yangu na wewe ni ile miaka saba. Kila nikimsalimu njiani ulikuwa ubavuni kwangu unaitikia."

Kweli nilikuwa naitikia, Dada. Ilinitoka kichwani kukuandikia.

Amehamia chumba cha Mama. Alitoa makopo yote uani kwa asubuhi moja, kazi iliyonishinda miezi mitano, akatandika. Chakula ananiwekea. Ananiita karani.

Jibu lake ni hili, nimelichukua neno kwa neno: "Sanda moja nakubali, wamekufa wiki moja, wamechezea matope pamoja. Lakini kumwacha ugenini sijasema. Nitamfikisha Ambatondrazaka mimi mwenyewe. Nikifika nitaona kama namwacha au narudi naye." Nikamwambia hawezi kurudi na mmoja, watakuwa wamefungwa pamoja. Akasema, basi atarudi nao wote, na ndugu za Ralambo wamzuie kama wanaweza.

Mimi haniruhusu kwenda huko. Nitafungua kaburi, nitafunga kaburi. Majina utaandika wewe.

Tunawangoja tarehe 20. Noro amenunua nguruwe.

Ratsimba


Ambatondrazaka, 14 Septemba 1997

Mdogo wangu,

Natumaini umebaki salama na unapika mwenyewe. Noro ni mzima. Jino ameling'oa hapa, kwa mganga wa soko, akampa maneno yule mganga mpaka wateja wakaja kusikiliza. Ndugu za Ralambo wanamwogopa na wanampenda.

Yaliyotokea kwenu tarehe 21 uliyaona. Uliniona nikiandika yale majina mawili. Ya huku huyajui, na Noro anasema niandike mimi, maana yeye na karani hawajaanza kuandikiana.

Tulifika Ijumaa, kaburi la kina Ralambo lilifunguliwa Jumapili. Wakatutandikia mkeka. Tulikaa bega kwa bega, watoto wamelala juu ya mapaja yangu na ya Noro, vichwa kwake na miguu kwangu. Watu wakatuachia nafasi, wakasogea na ngoma zao. Hapo ndipo nilipomwambia Noro lile ambalo sikutaka kuandika. Sasa na wewe nakwambia.

Ile Krismasi, Vola alikuwa na homa tangu Toamasina. Macho mekundu, kikohozi. Kwa jirani yetu surua ilikuwa imeshaua mmoja. Ralambo akasema tusiende. Nikamwambia homa ya meno ya nyuma hiyo, itaisha njiani. Nilikuwa nimemnunulia viatu, nilikuwa nimeshamwandikia Mama, nilitaka nionekane nimekuja na mtoto wangu mzuri kama na wewe una wako. Nikapanda naye garini. Surua niliileta mimi kwenu, Ratsimba. Fara alikuwa mzima. Ralambo hakunikumbusha hata siku moja mpaka anakufa, na mimi nilimchukia kidogo kwa vile hakunikumbusha.

Mwaka 1990, ile saa kwenye mkeka, hilo ndilo nililomwambia mtoto. Nilimwomba msamaha. Nilirudi Toamasina nimepona nusu.

Noro alinisikiliza mpaka mwisho akiangalia mbele. Ndugu za Ralambo wakaja kuwachukua watoto. Wakashika upande wangu, nikaachia. Wakashika upande wake, hakuachia. Wakavuta kidogo, kwa heshima, akabana. Tarumbeta zikanyamaza moja moja. Nilijua anarudi nao Betafo, na nilishaamua kwamba sitafungua mdomo.

Akaniuliza, "Siku ile ulimwomba nani msamaha?"

Nikasema nilidhani ni wangu.

"Na kama alikuwa wangu?"

Nikamwambia, "Basi aliyenidai ndiye aliyenisikia."

Hakulegeza mikono. Mzee wao mmoja akaanza kukohoa kuonyesha jua linakwenda. Noro akamwambia, baba, kohoa taratibu, hapa watu wanaongea. Kisha akanigeukia, akasema, "Yeye umemwomba. Mimi je?"

Nikamwomba. Pale pale, mbele ya mashemeji, nimepiga magoti kwenye mkeka, mwanamke wa miaka hamsini na tano. Hakusema nimekusamehe, wala hakusema sijakusamehe. Alifungua mikono, wakawachukua.

Wamewekwa upande wa moyo wa Ralambo. Noro aliingia mwenyewe kuhakikisha. Alipotoka alimwambia mzee wa kukohoa kwamba kila watakapofungua lile kaburi yeye aitwe, na atakuja na sanda yake, na apikiwe. Yule mzee akakubali mara tatu.

Tuko hapa bado, tunalala chumba kimoja. Asubuhi ananimenyea mihogo. Hajasema siku ya kurudi na wewe usimharakishe. Hasira yangu na wewe haijaisha, nikiisikia sauti ya Ralambo akisema basi vizuri, inarudi yote. Lakini Fara alikuwa wako pia, na wewe sijakuomba. Nakuomba. Nilimleta Vola akiwa na homa, nikijua, na mwanao akafa.

Barua hii nampa dereva wa mchele, atafika Antsirabe Jumatano na kwenu kesho yake. Usitembee na jibu langu mfukoni.

Bakoly


Betafo, Alhamisi 18 Septemba 1997, saa nne na nusu asubuhi

Dada,

Barua yako imefika saa nne. Dereva hajazima gari, nimemwomba anipe muda wa kuandika ukurasa mmoja. Naandikia juu ya boneti, usishangae mwandiko.

Sijui kama nimekusamehe. Nimekaa na habari hii nusu saa tu. Ninachojua ni kwamba sitaki ulale tena bila jibu.

Ile Krismasi, siku mliyofika, nilikuja barabarani kuwapokea. Wewe ulikuwa na mizigo, Vola nikambeba mimi. Kutoka barabarani mpaka nyumbani alilaza uso shingoni kwangu, alikuwa wa moto kama mkate. Mama aliuliza mlangoni, mbona mtoto macho mekundu. Wewe ulikuwa bado nyuma, unaongea na majirani. Ni mimi niliyejibu. Nilisema ni jua la njiani. Nikamshusha chini, akakimbia kwenda kwa Fara.

Dereva anapiga honi.

Ratsimba